Saa Nne na Dakika Arobaini: Kisa cha Nyaya 14 za Upande wa Jilore

"Mheshimiwa, karatasi hii inasema mteja wangu alikamatwa saa tano na robo asubuhi. Karatasi hii hii inasema nyaya za kutegea wanyama zilionekana saa kumi na dakika arobaini jioni. Sasa shahidi aiambie mahakama: asubuhi ile, kabla nyaya hazijaonekana, walimkamata kwa kosa gani?"

Sajini alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi, kofia kwapani. Akaisoma ile karatasi mara mbili, kisha akainua macho kunitafuta kwenye mabenchi ya nyuma. Mimi sikuandikishwa shahidi, ndiyo maana niliruhusiwa kuketi ndani. Lakini kosa lilikuwa la mkono wangu, na lilivyotokea nililijua pale pale, kabla hajafungua kinywa.

Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu nimekisikia vijiweni kikisimuliwa kwa namna mbili, zote mbovu. Kuna wasemao askari wa msitu walimwonea mtu. Na kuna wasemao mahakama zetu kazi yake ni kuwafungulia mlango wawindaji. Nilikuwepo tangu alfajiri ya siku yenyewe mpaka hakimu alipofunga jalada. Sitaji jina la mtu, wala idara ya kikosi, wala kituo cha polisi. Wahusika wote tungali tunakutana sokoni Malindi na kujuliana hali.

Msitu wenyewe ni Arabuko-Sokoke, huku pwani ya Kenya, kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Serikali iliutangaza kuwa msitu wake rasmi mwaka 1943. Miti iko chini ya shirika la misitu, wanyama chini ya shirika la wanyamapori, na wengi wetu tuliozaliwa pembeni yake hatujui mpaka wa madaraka hayo uko wapi: kwetu sisi yeyote mwenye sare ni askari wa msitu. Mimi nilikuwa skauti wa jamii, bila sare, na posho yake ni ya kununulia unga tu. Kazi yangu katika doria ilikuwa kushika daftari.

Mtu wa mjini ukimwambia unalinda wanyama, anafikiria ndovu na majangili wenye bunduki. Ndovu wapo, na ua wa umeme upo wa kuwazuia wasiingie mashambani. Ila ndovu kwetu ni hatari zaidi kuliko mwindaji. Kichaka cha upande wa Jilore ni kizito hivi kwamba waweza kuwa hatua 15 kutoka kwa mnyama wa tani nne na usimwone. Ukikanyaga kinyesi chake ukakikuta kina joto, unarudi nyuma polepole na kuuzunguka upepo, hata kama njia yako ya siku hiyo itakuwa ndefu mara mbili. Kinachotupa kazi kila siku ni wadogo: paa, funo, na sange, kile kinyama chenye pua ndefu. Sange huyu wa kwetu mwenye makalio ya rangi ya dhahabu karibu wote waliobaki duniani wako katika msitu huu, na nyama yake haina hata soko. Hunaswa tu kwa kuwa anapita pale alipowekewa paa.

Tena msitu huu una udongo wa namna mbili, na jambo hilo litahitajika mbele. Panapoota mrihi ni mchanga mweupe, laini kama unga wa muhogo. Nyayo hapo husomeka kama gazeti. Ukielekea magharibi unaingia udongo mwekundu na kichaka cha miti mifupi iliyofungamana, na wakati wa kiangazi ardhi ile ni ngumu kama sakafu ya baraza. Hata pikipiki ikipita unaweza usijue.

Siku hiyo tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu wanne. Sajini, mtu wa bara aliyekaa pwani miaka mingi hata akajifunza kula samaki na mifupa. Askari kijana aliyehamishiwa kwetu wiki tatu nyuma, mchapakazi, miguu mirefu. Mimi na daftari langu. Na mzee mmoja Msanye, msoma nyayo wetu. Wasanye ndio waliojulikana zamani kote huku kwa upinde mkubwa na mishale ya sumu. Mzee alikuwa kijana wakati uwindaji ungali mambo ya kawaida kabla serikali haijaupiga marufuku mwaka 1977. Hakuficha kwamba alitega sana katika ujana wake. Sajini alimwita "mzee wangu", na kijana alimwita "mzee" tu, na mzee aliitikia wote kwa namna moja, yaani hakuitikia.

Kila mtu alibeba lita mbili za maji na chapati za jana. Saa tatu za kwanza hazikuwa na la kuandika ila mbung'o, ambao wanapenda nguo za buluu na shingo za watu. Tulikuta wanawake wawili wakiokota kuni kavu, vibali vyao viko sawa. Tukakuta kisiki kibichi cha muhuhu kilichokatwa kwa msumeno wa mkono, nikaandika. Sehemu kubwa ya kazi ni hiyo: kutembea, kutazama chini, kuandika kwamba hakuna kitu.

Pale mchanga mweupe unapokutana na udongo mwekundu mzee akasimama na kunyoosha kidole bila kusema.

Kwanza sikuona kitu. Halafu nikaona kwamba matawi makavu yaliyolala mbele yetu hayakuanguka yenyewe. Yalipangwa mstari, kimo cha goti, yakapotelea kichakani pande zote mbili. Kila baada ya hatua kumi au zaidi kulikuwa na uwazi wa upana wa mlango wa banda la kuku. Paa hapendi kuruka pale anapoweza kupita. Anaufuata ule mstari mpaka auone uwazi, na kwenye uwazi ndiko kunakongoja kitanzi, kimening'inia kiganja kimoja juu ya ardhi, duara lake laingia ngumi mbili. Waya ulikuwa wa breki ya pikipiki uliovuliwa ganda la plastiki, ukachambuliwa nyuzi, ukapakwa udongo usimetemete.

Mzee alichuchumaa kwenye kitanzi cha kwanza. Hakukigusa. Akakiangalia lile fundo lilivyofungwa kwenye mche, akainamisha kichwa upande huu na upande huu. Akaniambia chini chini, "Mwanangu, huyu amezungusha kwenda kushoto." Nikaitikia "ndiyo mzee" na sikuandika, kwa sababu kwa wakati ule sikuona hiyo ni habari ya kuandika.

Basi, wakati huo huo, tukasikia mnyama akijitupa. Katika kitanzi cha tano au cha sita alikuwamo paa, mguu wa nyuma, bado hai, ameshapigapiga ardhi mpaka pamekuwa shimo. Kijana hakungoja amri. Alikimbia, akamlalia kwa kifua, akaukata waya kwa koleo, na paa akachomoka akapotea huku akichechemea. Sote tulifurahi. Sajini akacheka kwa sauti, jambo ambalo silo la kawaida yake. Na katika furaha hiyo sote wanne, mimi nikiwa mmoja wao, tulikuwa tumeshaukanyaga ule mchanga mweupe wote uliokuwa na nyayo za aliyetega.

Mzee akasema, "Tungoje." Alitaka tujifiche, mwenye nyaya aje azikague, maana nyaya zilikuwa mbichi na mwenye nyaya huja ndani ya siku mbili nyama isioze. Sajini akatazama saa. Tulitakiwa kufika upande wa pili wa msitu kabla ya saa kumi, maji yalikuwa yamebaki nusu, na kuacha vitanzi 13 vikiwa wazi usiku kucha ni kuua paa 13. Simlaumu kwa uamuzi huo hata leo. Alimwambia kijana azikusanye. Kijana alipita mstari mzima, akafungua, akang'oa, akakunja, akatia vyote katika kiroba kimoja. Nikatazama simu, nikaandika katika daftari: "Nyaya 14, paa 1 ameachiliwa, 4:40."

Simu ilisema 10:40. Lakini mimi ni mtu wa pwani. Nikiona 10:40 asubuhi, kichwani mwangu ni saa nne na dakika arobaini, na kalamu ikaandika kile kilichokuwa kichwani.

Tulitembea kama nusu kilomita hivi tukakutana naye. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kwenye kijia cha mkato kinachopita pembeni mwa msitu, panga mkononi na kiroba begani. Alisimama vizuri, akatusalimu vizuri. Ndani ya kiroba mlikuwa na nyama iliyochunwa na kukatwakatwa, kama kilo sita, imefungwa kwa majani. Akasema ni ya mbuzi, ametoka hangani, yaani matangani, amepewa fungu lake apeleke nyumbani. Katika mfuko wa suruali alikuwa na kipande cha waya wa breki, urefu wa shibiri. Akasema yeye ni bodaboda na huo ni wa pikipiki yake. Alikuwa bodaboda kweli. Baadaye tulimjua kituo chake.

Sajini akapiga redio kuarifu. Alisoma muda kwenye kifaa cha GPS kwa sauti: "Eleven fifteen." Nami nikaandika nilichosikia: "11:15, mtu 1 amekamatwa."

Mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, katika ukurasa mmoja: 4:40, kisha 11:15. Kwangu ilikuwa wazi kabisa kwamba wa kwanza ulitangulia. Ulikuwa juu.

Kituoni nilimwachia karani daftari, nikaenda kunywa chai kwa kuwa tangu alfajiri nilikuwa na chapati moja tumboni. Karani alikuwa mtu mwangalifu, na uangalifu wake ndio uliotuponza. Fomu ya maelezo hutaka saa za mfumo wa 24. Akaiona 4:40 akajiuliza: alfajiri au jioni? Saa kumi na dakika arobaini za alfajiri hata kambini hatukuwa tumetoka, na hilo limeandikwa juu ya ukurasa. Basi ni jioni. Akapiga chapa 1640. Na 11:15 akaipiga 1115. Sajini akasaini saa mbili usiku, macho yamejaa vumbi, kwa kuwa hakuna mtu aliye timamu anayesoma upya karatasi ya siku aliyoiishi mwenyewe.

Wakenya wote wanajua saa za namna hizi mbili na hatukosani nazo maishani. Ukimwambia mtu tukutane saa nne anajua. Akiona 10:00 kwenye tiketi ya basi anajua pia. Tunavuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili mara mia kwa siku bila kuhisi, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Ila karatasi ya mahakama haina mlango. Ilivyoandikwa ndivyo ilivyo.

Sasa nyama. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kesi iliangushwa na saa peke yake. Hata saa zingekuwa sawa, nyama ingetuangusha.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatenganisha mambo mawili. Kifungu cha 97 ni cha anayewinda kwa kula mwenyewe: kama sheria ilivyopitishwa, faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Kifungu cha 98 ni cha biashara ya nyama ya porini, na hapo hapo kinamkamata pia yeyote anayekutwa tu na nyama ya mnyama wa porini: faini isiyopungua 200,000 au mwaka mmoja. Mtu wetu alishtakiwa kwa cha 98. Kwa maneno mengine upande wa mashtaka haukuhitaji kuthibitisha kwamba ni yeye aliyetega. Ulihitaji jambo moja tu: kwamba ile ilikuwa nyama ya porini.

Na nyama ikishachunwa, paa na mbuzi ni ndugu. Mimi nimekula zote mbili, ya kwanza utotoni kabla sijajua, na siwezi kuapa kwa macho. Inayoweza kuapa ni maabara. Shirika la wanyamapori lina maabara ya vinasaba Nairobi tangu 2015, na kwake kipande kidogo tu kinatosha, kikihifadhiwa vizuri kwenye kileo safi au kikigandishwa, kikafungwa peke yake, kikaandikwa nambari, na kila mkono uliokipokea ukasaini. Nyama yetu ilikaa sakafuni kituoni usiku kucha, Januari, ndani ya kiroba. Jumatatu ilikuwa haikaribiki. Mtu akaamua izikwe, akafanya ubinadamu. Sampuli iliyochukuliwa ilitiwa kwenye mfuko wa nailoni bila jina, na haikufika Nairobi. Picha zilikuwepo kwenye simu ya kijana, ila hakuna aliyekumbuka kwamba picha ya simu haipokelewi mahakamani bila cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi. Hata zingepokelewa: nyaya zote 14 zilipigwa picha zikiwa zimetandazwa juu ya boneti ya gari, na kijana kasimama nyuma yake anatabasamu.

Picha ya boneti naichukia tangu siku hiyo. Kila doria inaipiga. Inapendeza kwenye ripoti, hesabu inaonekana, wakubwa wanafurahi: mwezi huu nyaya 60, mwezi uliopita 40. Lakini idadi ya nyaya ulizong'oa haikuambii ziko ngapi msituni. Inakuambia ulipita wapi na macho yako yalikuwaje siku hiyo. Kikosi kikipita njia ile ile ya mrihi kwa kuwa ina kivuli, hesabu itashuka mpaka sufuri na wanyama wa kichakani wataisha huku ripoti ikipendeza.

Hakimu hakuchukua muda. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Akaachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, akarudishiwa panga lake na kile kipande cha waya, akatoka nje ambako ndugu zake walikuwa wakingoja chini ya mti. Alipopita karibu nami alinipa mkono. Sikujua nifanye nini, nikaupokea.

Mzee hakuwa amekuja mahakamani siku hiyo. Alikuja mara moja tu, siku ya kwanza, yule mtu alipotia saini karatasi za dhamana. Jioni ya uamuzi nilimfuata nyumbani kwake kumpa habari. Alikuwa akisuka kamba. Nikamweleza saa, nikamweleza nyama. Akasikiliza yote, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Aliandika kwa mkono gani?"

Nikakumbuka. Wa kulia.

Mzee akachukua kipande cha kamba, akakizungusha kwenye kidole gumba changu akitumia mkono wa kulia. Kamba ikazunguka upande mmoja, ncha ikaingia ndani kwa chini. Akaifungua, akafanya tena kwa mkono wa kushoto. Ncha ikazunguka kinyume, ikatokea juu. "Mashoto hawezi kufunga kama mimi hata akitaka," akasema. "Nilikwambia siku ile. Amezungusha kushoto."

Nililala vibaya. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeamini tumeshika mtu sahihi tukampoteza kwa uzembe wa karatasi. Sasa ikawa huenda mtegaji alikuwa mwingine, na huyu alikuwa mpita njia mwenye nyama ya hanga. Au alikuwa mchukuzi tu, anayepokea nyama kwa mashoto na kuisambaza kwa pikipiki, jambo ambalo lingeeleza nyama na pia lile fundo. Mzee aliulizia kijijini Kakoneni: wiki ile kulikuwa na hanga mbili, zote zilichinja mbuzi. Hakuna kati yetu aliyekwenda kuuliza hilo siku ya kwanza, ingawa ingetugharimu nauli ya shilingi mia na asubuhi moja.

Na jibu lilikuwa limefungwa kwenye miche 14. Mafundo 14, ya mtu mmoja au wawili, ya kulia au ya kushoto, na ncha zilizokatwa kwa chombo fulani, ambazo zingeweza kulinganishwa na ile shibiri moja ya mfukoni. Tulizifungua kwa mikono yetu, tukazikunja, tukatia kiroba kimoja. Kama mtu yule alikuwa na hatia, sisi ndio tuliomsafisha. Kama hakuwa nayo, chombo pekee cha kumwokoa kabla ya miezi mitatu ya kwenda na kurudi mahakamani, siku za kazi zimepotea, pikipiki imekaa, tulikiharibu kwa robo saa.

Kwa hiyo baada ya hapo nilimwomba Sajini jambo moja, naye akakubali kwa sababu swali la wakili lilikuwa bado linamuuma. Tusijadili tena kati ya kung'oa na kungoja. Mzee alikuwa na njia ya tatu, na alipoieleza nilijiona mjinga: kitanzi hakihitaji kung'olewa ili kisiue. Kivute mpaka kifunge kabisa, kiache pale pale kikining'inia kama kamba tupu. Paa atapita salama, na mwenye waya hataona tofauti mpaka afike karibu nacho kabisa.

Miezi miwili baadaye, baada ya mvua za kwanza, tuliupata mstari mwingine, si mbali na ule wa kwanza. Nyaya sita. Safari hii kijana alisimama nyuma na mikono mfukoni, kwa amri. Mzee alipita peke yake pembeni mwa mstari, akakanyaga mawe na mizizi tu, akavifunga vitanzi kimoja kimoja kwa kijiti. Mimi nyuma yake nilipiga picha kila fundo likiwa bado mtini, na kando yake karatasi yenye nambari. Mzee akaangalia la kwanza, la pili, la tatu. Hakusema kitu mpaka la sita.

"Ni yeye," akasema. Yote yalizungushwa kushoto.

Tulilala pale siku mbili. Sitaieleza sana kazi hiyo: mbu, sisimizi, kunong'ona, kukojoa kwenye chupa. Usiku wa kwanza ndovu walipita upande wa chini, tukawasikia wakivunja matawi, na kwa saa nzima hakuna aliyefikiria habari ya mwindaji. Usiku wa pili ulikuwa kimya. Kulipopambazuka hakuna aliyekuja, na Sajini akatoa ishara kwamba basi.

Mzee alizunguka nyuma yetu, upande ambao upepo ulikuwa ukielekea. Akatuita kwa mluzi. Kwenye mchanga mweupe uliolowa mvua kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, peku, mguu mpana. Zilikuja zikielekea kwetu, mwendo wa kawaida, mpaka kama hatua hamsini kutoka tulipolala. Hapo visigino viliingia ndani zaidi. Alisimama, na alisimama kwa muda, kwa kuwa mchanga ulikuwa umetitia. Halafu zikageuka na kurudi zilikotoka, ndefu sasa, za mtu anayeharakisha bila kukimbia.

Mzee akamnusa Sajini kwenye kola ya shati, waziwazi, kama mtu anavyonusa papai. "Sabuni," akasema.

Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Sajini naye akajinusa.

Nikatoa koleo tukaanza kukata, kila waya upande wa mti ili fundo libaki zima, kila mmoja kwenye bahasha yake. Kabla ya wa kwanza nikachuchumaa kando ya ule unyayo wa visigino, nikafungua daftari gotini. Simu ilionyesha 6:20. Nikaandika 0620. Kisha pembeni yake, kwa maneno: saa kumi na mbili na dakika ishirini, asubuhi.